Amana ya Macho



Katika mambo yaliyozoeleka siku hizi ni mtu kupewa ruhusa kazini, akakatiwa tikiti, akaenda mji wa mbali kuhudhuria mkutano wa watu wa teknolojia. Hukaa huko siku tatu au nne, akatembea katika kumbi kubwa zilizojaa vibanda vya makampuni, akasikiliza hotuba, akatazama mitambo ikionyeshwa jukwaani, kisha akarudi kwao na mfuko wa kalamu na makaratasi. Watu wa kwao humpokea na kumwuliza, "Umeona nini?" Suala hilo laonekana jepesi, nalo ni zito. Kwani kwa jawabu lake fedha za watu zitatolewa, mtambo utanunuliwa, na watoto wa skuli fulani au wagonjwa wa zahanati fulani watafungamanishwa na kitu ambacho yeye peke yake ndiye aliyekiona.

Basi twataka tutazame mambo mawili. La kwanza: mtu aliyetazama onyesho la mtambo, ameona nini khasa? La pili: ana wajibu gani kwa wale ambao hawakuwapo?

Kutumwa kwenda kutazama si jambo geni kwetu sisi watu wa pwani. Zamani za majahazi, mtu aliyesafiri kwenda Arabuni au Bara Hindi alikuwa akipewa fedha na jamaa na majirani awanunulie bidhaa. Waliobaki hawakuwa na njia ya kujua uzuri wa bidhaa za huko ila kwa macho yake. Kwa hivyo macho yake yalikuwa amana, kama zilivyokuwa amana zile fedha alizozifunga kibindoni. Leo safari zimekuwa za saa chache. Tangu mwaka 1981 Dubai imekuwa na maonyesho ya kompyuta, yaliyoanzia katika jengo la World Trade Centre na ambayo baadaye yakajulikana ulimwenguni kwa jina la GITEX, na si ajabu kumsikia kijana wa Mombasa au wa Unguja amekwenda huko akafikia kwa jamaa zake.

Lakini iko tofauti kubwa. Msafiri wa zamani alinunua vitu vinavyoshikika. Nguo aliinyoosha mbele ya jua, tende aliionja, na sanduku la msaji aligonga ubao wake akasikia mlio. Mtambo wa leo, na khasa programu ya kompyuta, hauna harufu wala uzito wa kukwambia ukweli wake. Utauona ukiwaka jukwaani na kufanya maajabu, wala hujui nyuma ya pazia pana nini. Ili tufahamiane, natutazame maonyesho matatu yaliyopata kufanywa, ambayo khabari zake zajulikana.

La kwanza lilifanywa San Francisco, Marekani, tarehe 9 Desemba 1968, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta. Bwana mmoja aitwaye Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao elfu moja, na kwa muda wa dakika 90 akawaonyesha mambo ambayo wengi wao hawakupata kuyaona: maandishi yakisahihishwa juu ya kioo, kidude kidogo cha mkononi ambacho leo twakiita kipanya, na mwenzake aliyekuwa mji mwingine akionekana katika kioo hicho hicho, wakifanya kazi pamoja. Kompyuta yenyewe haikuwamo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, mwendo wa kiasi cha kilomita 48, ikaunganishwa na ukumbi kwa mitambo ya mawasiliano iliyosimamiwa na mwenzake, Bill English. Mafundi wa nyuma ya pazia walikuwa wengi, lakini kilichoonyeshwa kilikuwapo kweli. Kazi iliyoonekana kiooni ndiyo iliyokuwa ikifanywa na kompyuta saa ile ile. Juu ya hivyo, miaka 15 na zaidi ilipita kabla ya kipanya kuanza kuenea maofisini na majumbani.

La pili lilifanywa mji huo huo wa San Francisco, tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoionyesha ulimwengu simu ya iPhone. Watu walishangilia. Miaka kadhaa baadaye mmoja wa mafundi waliokuwapo, Andy Grignon, alieleza hali ilivyokuwa. Simu zile zilikuwa bado mbovu. Zilicheza kipande cha wimbo, lakini zikiachwa zicheze wimbo mzima zilizimika. Mambo yaliyoonyeshwa yalipangwa kwa utaratibu maalumu usiobadilishwa, kwani ukifanya hili kabla ya lile simu hukwama. Ziliwekwa simu kadhaa jukwaani ili moja ikielemewa, achukue nyingine. Na vile vistari vinavyoonyesha nguvu za mtandao viliwekwa vionekane vitano daima, mtandao uwe na nguvu au usiwe nazo. Miezi mitano na kitu baadaye, tarehe 29 Juni 2007, simu hiyo iliuzwa madukani, nayo ikafanya kazi.

La tatu lilifanywa Salt Lake City, Marekani, mwezi wa Desemba 2016. Trevor Milton, mwanzilishi wa kampuni ya Nikola, alilifunua mbele ya watu lori kubwa lisilotumia dizeli, akasema kuwa lafanya kazi barabara. Halikuwa likifanya kazi. Mwezi wa Januari 2018 kampuni ikatoa picha za sinema zikilionyesha lori hilo likienda barabarani peke yake. Baadaye, mwaka 2020, ikabainika kuwa lilikokotwa mpaka juu ya mteremko, kisha likaachwa libingirike. Mwezi wa Oktoba 2022 Milton alipatikana na hatia ya udanganyifu, na Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Machi 2025, kabla hajaingia gerezani, Rais wa Marekani akamsamehe, na mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuomba kufilisiwa. Waendesha mashtaka walieleza kuwa miongoni mwa walionunua hisa zake walikuwamo watu wa kawaida, wengine hawakupata kununua hisa maishani mwao, na wako waliopoteza akiba zao za uzeeni. Msamaha wa Rais ulimwondolea mtu mmoja kifungo. Fedha za wale haukuwarudishia.

Sasa, ewe msomaji, fikiri. Lau wewe ungekuwa umeketi katika kumbi zote tatu, ungeona tofauti gani? Katika zote ungeona kitu cha ajabu chini ya taa, ungesikia maneno matamu, na ungesikia makofi. Kimoja kilikuwa kitu kilichopo, cha pili kilikuwa kitu kinachokuja, na cha tatu kilikuwa kitu kisichokuwapo. Macho ya aliyeketi kitini hayawezi kuvipambanua. Hilo ndilo jawabu la suala letu la kwanza: aliyetazama onyesho ameona onyesho. Mtambo hajauona bado.

Huenda mtu akasema: "Wewe wakaza mno mambo. Kila mtu ajua kuwa maonyesho ni mapambo. Bibi harusi naye hupambwa siku ya kutolewa nje, akatiwa hina na wanja na asumini, wala hapana asemaye kuwa bwana harusi ameghushiwa."

Twajibu kuwa hayo ni kweli, na mfano huo ni mzuri, nasi tutauchukua huo huo. Kupamba kunajuzu kwa sababu kila aliyepo ajua kuwa hilo ni pambo. Hapana adhaniaye kuwa bibi harusi huamka kila siku na asumini kichwani. Lakini mtu akiulizwa umri wa mwari akasema uongo, hilo si pambo tena. Pambo halijibu suala la mtu. Ghushi hulijibu, na hulijibu kwa uongo. Basi kipimo chetu ni hiki: je, lililofanywa jukwaani lajibu suala ambalo mnunuzi angependa kuuliza? Taa, muziki na mavazi mazuri hayajibu suala lolote. Hayo ni mapambo. Kupanga mambo kwa utaratibu ili simu isizimike kunakaribia mpaka. Lakini vistari vitano vya mtandao vilikuwa jawabu. Mtu ataka kujua, "Je, simu hii yashika mtandao vizuri?" na kioo chamjibu "Ndiyo" ilhali kioo hakijui. Hapo, hata kama simu ilikuja kuwa nzuri, lilisemwa neno lisilokuwa kweli. Ama lori la mteremko, hilo halihitaji maelezo.

Msomaji wa pili huenda akasema: "Wenye ilimu wakikatazwa kuonyesha kitu kabla hakijakamilika, hapana jambo jipya litakaloonekana. Hata huyo Engelbart alionyesha mambo ambayo ulimwengu haukuwa tayari kwayo."

Hilo nalo ni kweli, nasi hatusemi wakatazwe. Twasema liko neno moja dogo katika lugha yetu ambalo lau lingesemwa mahali pake, ghushi nyingi ingeondoka. Neno lenyewe ni "bado". Mwenye kuonyesha na aonyeshe, lakini aseme: hiki chafanya kazi, na hiki bado. Seremala huuza kitanda ambacho hakijatiwa rangi, na mnunuzi akakichukua kwa ridhaa yake, kwa kuwa ameambiwa. Kasoro iliyotajwa yavumilika. Waliotulea katika biashara walitufunza kuwa kasoro isiyoonekana na mnunuzi, ni juu ya muuzaji kuitaja.

Na tazama jinsi neno hilo linavyoogopwa. Mwezi wa Novemba 1983 kampuni ya Microsoft ilitangaza programu yake ya Windows, na mwezi huo huo ikavuma katika maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas. Watu waliambiwa waitazamie mwaka uliofuata. Ilitoka Novemba 1985. Aliyeacha kununua programu ya mtu mwingine kwa kuingoja hiyo, alingoja miaka miwili, na huyo mtu mwingine akakosa riziki yake kwa sababu ya kitu ambacho hakijakuwapo. Ahadi ni deni, nalo deni hili lilichelewa kulipwa.

Kisha tazama lililotokea kwa kampuni hiyo hiyo tarehe 20 Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago. Bill Gates alikuwa jukwaani, na kijana wake Chris Capossela akionyesha programu mpya ya Windows 98. Alipounganisha mashine ya kupigia picha makaratasi, kompyuta ikakwama na kioo chote kikawa kibuluu mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka. Gates akasema kwa mzaha kuwa bila shaka ndiyo sababu hawajaanza kuiuza. Programu ilitoka tarehe 25 Juni mwaka huo. Watu hulitaja tukio hilo kuwa ni aibu, na kwa wenyewe bila shaka ilikuwa aibu. Lakini kwa mtu aliyetumwa kwenda kutazama, lile lilikuwa onyesho lenye manufaa kushinda mengi, kwani "bado" ilijisema yenyewe.

Hapa twafika kwenye suala letu la pili, nalo ndilo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa wengi wetu hatutapanda majukwaani, lakini wengi tutaketi vitini. Watu husema, "Mimi ni mtazamaji tu." Hapana, ndugu yangu. Mkutano wenyewe ni biashara, na biashara yake ni wewe. Hayo maonyesho ya COMDEX yalianza mwaka 1979, na mwanzilishi wake, Sheldon Adelson, chumo lake lilikuwa ni kuyakodisha makampuni nafasi za kuweka vibanda. Mwaka 1995 yeye na wenziwe waliyauza kwa kampuni ya Softbank ya Japani kwa zaidi ya dola milioni 800. Kilichouzwa hapo kilikuwa nini? Kompyuta zilikuwa za watu wengine. Kilichouzwa ni uhakika wa kuwa watu watakuja, watatazama, na watakwenda kusimulia. Mwenye ukumbi hapati hasara mtambo ukiwa wa uongo, maadamu umati umekuja.

Kwa hivyo kuhudhuria kwako si kitu kitupu. Ukipiga makofi, magazeti yataandika kuwa watu elfu kadhaa wameshangilia. Ukirudi kwenu ukasema "Nimekiona kwa macho yangu", utakuwa umekifanyia kitu kile ushahidi, na yule mwalimu mkuu au mwenyekiti wa ushirika atautegemea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kibaya kikitaka kujitembeza, hutembea kwa miguu ya watazamaji. Wale waliopoteza akiba zao kwa ajili ya lori la mteremko, wangapi wao walilifikia lori lenyewe? Waliegemea maneno ya walioona, na walioona waliona mteremko wasiujue.

Basi anayekwenda afanye nini? Asiende? La. Kukaa nyumbani na kuyalaani mambo mapya si hikma, na mwenye kukaa hivyo mwisho wake ataletewa kitu asichokichagua. Na aende, lakini aende kama shahidi anavyokwenda, akijua kuwa ataulizwa.

Shahidi mwema hugawanya maneno yake mafungu matatu, asiyachanganye. Fungu la kwanza ni niliyoyaona: mtambo niliushika kwa mkono wangu, nikaandika maneno yangu mwenyewe, ukanijibu hivi. Fungu la pili ni niliyoambiwa: muuzaji alisema kuwa betri yake hukaa siku nzima, mimi sikukaa siku nzima. Fungu la tatu ni ninayoyadhani: naona utatufaa. Wajuzi wetu wa zamani walijenga ilimu nzima juu ya kupambanua nani alisikia nini kutoka kwa nani. Sisi twashindwa hata kupambanua tuliyoyaona na tuliyoyasoma katika karatasi ya tangazo. Mtu akirudi na mafungu hayo matatu mbalimbali, hata akiwa hajui ufundi wowote, amewafaa waliomtuma. Akirudi nayo yamechanganyika, hata awe na shahada tatu, amewadhuru.

Huenda mtu akasema, "Mimi si fundi, nitajuaje la kuuliza?" Masuala si ya kifundi, ni ya sokoni. Kitu hiki chauzwa leo, au chatazamiwa? Nani amekitumia mwaka mzima, nami naweza kusema naye bila ya nyinyi kuwapo? Umeme ukikatika, chafanya nini? Mtandao usipokuwapo je? Kikiharibika, fundi wake yuko mji gani, na kipuri chake huchukua siku ngapi? Kampuni yenu ikifa, kitu changu kitafanya kazi? Na mwisho: niwachieni mimi nikiendeshe, nikianzie mahali ninapotaka mimi. Muuzaji mkweli hatachukia masuala haya. Baadhi ya majawabu yatakuwa "bado", nawe uiandike hiyo "bado" na uilete nyumbani kama ilivyo, usiipake rangi.

Liko jambo jingine ambalo watu hulipuuza. Katika mikutano hii hutolewa mifuko, chakula, na pengine kampuni humlipia mgeni tikiti na hoteli. Kalamu na kikombe cha kahawa si neno. Lakini mtu akilipiwa safari nzima na yule ambaye bidhaa yake atakuja kuisimulia, hali yake ni kama ya kadhi aliyelala nyumbani kwa mmoja wa wagombanao. Pengine atahukumu kwa haki, lakini wenye haki ya kujua alilala wapi ni wengi. Kwa uchache awaambie waliomtuma, "Nililipiwa na fulani," nao watayapima maneno yake kwa mizani hiyo. Kulificha hilo ni khiana, hata kama kila alilolisema baada yake ni kweli.

Na liko la kunyamaza. Pengine mtu huona kasoro waziwazi, akanyamaza kwa kuogopa kuonekana mshamba, au kwa sababu ukumbi mzima unashangilia. Aibu hiyo ina gharama, na gharama yake hailipi yeye. Atakayeilipa ni mama mwenye duka dogo aliyechangia ushirika, na mzazi aliyetoa ada akaambiwa kuwa skuli imenunua mtambo wa ajabu, kumbe umekaa kabatini tangu mwezi wa pili kwa kukosa kipuri. Hao hawakuwapo ukumbini. Sauti yao ilikuwa ni wewe.

Basi, ndugu msomaji, mwanao au nduguyo akirudi kutoka katika mkutano kama huo, msikilize kwa furaha, kwani safari ina mafunzo. Lakini usimwulize tu, "Umeona nini?" Mwulize, "Katika hayo uyasemayo, lipi uliliona, lipi uliambiwa, na lipi bado?" Mzoeze jawabu hilo tangu safari ya kwanza, hata ikiwa alikwenda kwa fedha zake mwenyewe wala hapana kitakachonunuliwa. Na ikiwa wewe ndiye uliyekwenda, usingoje kuulizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.